Maji ya Ziwa la Ng'ombe

Ndege ilipita juu yetu Jumanne moja ya mwezi wa sita,
mawingu yote yamekimbilia Kwale,
ikatupiga picha bila kutuambia tucheke.

Sasa picha imelala mbele yangu, Tudor, ghorofa ya tatu,
feni inasaga joto lile lile.
Kazi yangu ni kukipa kila kipande cha mji jina lake.

Nukta siziulizi. Nukta peke yake haina kwao:
nyekundu moja yaweza kuwa kigae, udongo, au kanga kambani.
Naziamuru zishikane, kila moja na jirani anayefanana naye,
mpaka zipate ukingo, zipate umbo.
Hapo ndipo nauliza: wewe nani?

Mikoko hujibu upesi, kijani chake kimesokotana kama nywele za alfajiri.
Barabara naijua kwa urefu wake na wembamba.
Bati jipya laumiza macho; la zamani, kwa kutu, hujifanya udongo.
Kivuli cha ghorofa huapa kuwa ni maji.

Ukikata vidogo mno, nyumba moja yavunjika vyumba.
Ukikata vikubwa, msikiti, duka na choo vyawa kitu kimoja.
Mwachiti, dawati la nyuma, alikuza mpaka Kisauni nzima ikawa kipande.
"Kwani sivyo ilivyo?" akasema. Yeye ni wa huko.

Kipande elfu ishirini, mia nne na kumi na nane.
Buluu. Mashine imeandika: MAJI.
Injinia Ngolia akacheka: "Liache.
Hata jina la mtaa lasema ni ziwa."

Lakini maji gani haya, yasiyo na tope ukingoni,
yaliyobanwa na mabati kulia na kushoto,
pembe nne zimenyooka kama zimepigwa pasi?
Nikaandika sheria: asiye na jirani wa tope wala nyasi
asiitwe maji.
Mashine ikatii, ikakitupa MENGINEYO,
pamoja na makontena.

Jumamosi nikaenda kwa miguu, karatasi mkononi.
Penye buluu pana njia tu, vumbi,
mtoto anasukuma ringi ya baiskeli.
Mwanamke anachambua mchicha kizingitini.
"Wamtafuta nani?"
"Natafuta maji."
"Maji hapa twanunua kwa jerikeni, mwanangu."

Nikampa picha. Akaizungusha
mpaka mlango wake ukakaa chini, upande wa kifua chake.
Kidole kikatembea, kikasimama.
"Hili turubai.
Shekuwe tulimzika Jumapili. Hii ni siku ya kuondoa tanga."

Nikakumbuka kuwa juu ya turubai hakuonekani chini yake:
mikeka, vikombe vya kahawa, mtu anayesahau aya
na mwenzake anayemkumbusha.
Vyote nilikuwa nimeviita rangi.

"Na hivi?" Ukucha wake juu ya punje nyeupe
zilizopangana ukingoni, nilizozichanganya na changarawe.
Akajijibu mwenyewe: "Viatu."
Halafu, si kwangu: "Watu walikuja."
Akarudia mchicha. Picha hakurudisha, nami sikuiomba.

Jumatatu. Ripoti ina matabaka tisa,
na jedwali la makosa lina safu yake:
kilichoitwa maji, kumbe siyo.
Nikajaza. Nikasaini.

Walipoondoka kwenda kula nikakirudia kipande,
nikakata vidogo, vidogo zaidi,
vidogo kuliko mradi unavyoruhusu,
mpaka punje zikaachana na changarawe.
Mwachiti akarudi na bajia, akauliza nahesabu nini.
"Changarawe," nikamwambia.

Sabini na tatu.
Kimoja hakina mwenzake,
au mwenzake amefunikwa na kivuli.